Nani alikuambia mama wa mahamri anapata Sh37,000 kwa mwezi?

Wiki chache zilizopita, mama mmoja aliingia katika wadi yetu ya watoto saa tisa alasiri, mwanawe wa miaka mitatu kamfunga mgongoni kwa leso. Nimebadilisha mambo madogo ili asitambulike, lakini yaliyo muhimu nayaeleza kama yalivyokuwa. Mtoto alikuwa akipumua mara 58 kwa dakika, mbavu zikiingia ndani kila anapovuta pumzi, na hata hakuwa na nguvu za kulia. Tulimwekea oksijeni kabla ya kuuliza jina.

Mtoto alipotulia kidogo, nilimuuliza mama kikohozi kilianza lini.

“Tangu Jumamosi, daktari.”

Siku hiyo ilikuwa Alhamisi. Nikamuuliza kwa nini hakumpeleka zahanati, maana kutoka anakokaa ni mwendo wa dakika kumi tu kwa miguu.

“Nitakwendaje, daktari, na SHA sijalipa? Niliambiwa nilipe elfu kumi na mbili, mia tatu na sitini. Nilikuwa nazitafuta.”

Nimeandika katika safu hii juu ya nimonia zaidi ya mara moja, na nitaandika tena. Leo nataka tuzungumze juu ya hizo Sh12,360, kwa sababu ndizo zilizomweka mtoto yule nyumbani kwa siku tano. Na huenda wewe pia una hesabu kama hiyo kwenye simu yako, umeitazama, umeguna, na ukaamua utaishughulikia mwezi ujao.

Mama yule hupika mahamri na mbaazi alfajiri na kuuza kando ya barabara mpaka saa nne. Siku nzuri, akiondoa unga, mafuta, sukari, nazi na makaa, hubaki na kama Sh600. Siku ya mvua, Sh200 au hasara. Tulikaa tukapiga hesabu pamoja pembeni ya kitanda, na kwa mwezi hapati zaidi ya Sh12,000. Mfumo ulikuwa umemkadiria kuwa mtu wa Sh37,000. Nitakuonyesha baadaye nilijuaje.

Kwanza tuelewane juu ya sheria yenyewe, kwa sababu nakutana na watu wengi, hata wauguzi wenzangu, wanaochanganya mambo.

Sheria ya Bima ya Afya ya Jamii ilitiwa saini Oktoba 2023. Ilipingwa mahakamani. Mahakama Kuu iliibatilisha Julai 2024, Mahakama ya Rufaa ikasimamisha uamuzi huo Septemba, na kuanzia Oktoba 1, 2024 NHIF, iliyokuwapo tangu 1966, ikatoa nafasi kwa Mamlaka ya Afya ya Jamii, ndiyo hii SHA. Chini ya NHIF, mtu asiye na ajira rasmi alilipa Sh500 kwa mwezi, awe mwenye hoteli au mbeba mizigo sokoni. Sasa kila mtu anatakiwa kulipa asilimia 2.75 ya kipato chake, na hakuna anayelipa chini ya Sh300 kwa mwezi.

Kwa aliyeajiriwa hesabu ni nyepesi. Mshahara wa Sh20,000 unakatwa Sh550. Wa Sh30,000 unakatwa Sh825. Wa Sh100,000 unakatwa Sh2,750. Ukilinganisha na NHIF, wa Sh20,000 alikuwa akikatwa Sh750 na wa Sh30,000 alikuwa akikatwa Sh900, kwa hiyo hao wamepata nafuu. Aliyepanda sana ni wa mshahara mkubwa, ambaye zamani alisimama kwenye Sh1,700 hata kama anapata nusu milioni. Lakini yupo mwingine aliyepanda na hazungumzwi: yule wa chini kabisa. NHIF ilimkata Sh150 mtu wa mshahara usiofika Sh6,000. Leo analipa Sh300, yaani mara mbili. Kwa hesabu ya asilimia 2.75, Sh300 ni mchango wa mtu anayepata karibu Sh10,900. Yeyote aliye chini ya hapo anachangia sehemu kubwa zaidi ya kipato chake kuliko bosi wake. Sijui kama waliotunga walikusudia hivyo, lakini ndivyo hesabu inavyosema.

Neno moja kwa wenye ajira kabla sijawaacha: kukatwa mshahara si sawa na mchango kufika. Nimeona baba akitokwa jasho mbele ya dirisha la malipo, hati yake ya mshahara inaonyesha makato ya miezi yote, na mfumo unaonyesha hajalipiwa. Piga *147# leo, usisubiri mke awe katika uchungu, na utazame kama umelipiwa. Na utazame pia kama majina ya mke na watoto yameingia. Kama hayamo, bima ni yako peke yako.

Sasa tuje kwa wengi wetu, tusio na hati ya mshahara. Wauza samaki, mafundi, waendesha bodaboda, wakulima wa korosho, vibarua. Hakuna mwajiri wa kuuliza. Kwa hiyo sheria ikaweka kitu kinachoitwa tathmini ya uwezo. Unapojisajili unaulizwa maswali, na majibu yako yanatumika kukisia kaya yako inapata kiasi gani. Kanuni za 2024 zinataja yanayotazamwa: hali ya nyumba, huduma za msingi kama maji na umeme, walio katika kaya na hali zao, na mambo mengine ya kiuchumi. Mwisho wa maswali inatoka namba. Hiyo namba ndiyo mchango wako, na tofauti na zamani, unatakiwa uulipe wa mwaka mzima kwa pamoja.

Tazama vizuri neno nililotumia: kukisia. Hakuna anayepima kipato chako. Kinachopimwa ni paa lako, ukuta wako, choo chako na bomba lako, halafu kipato kinakisiwa kutoka hapo.

Mimi ni daktari, kwa hiyo niruhusu nifananishe na kitu ninachokijua. Kile kipimo cha haraka cha malaria tunachokuchoma kidole hakitazami mdudu mwenyewe. Kinatafuta alama anayoiacha katika damu. Mara nyingi kinasema kweli. Lakini kuna wakati kinasema una malaria kumbe uliumwa wiki tatu nyuma na ukapona, alama tu ndizo zimebaki. Na kuna wakati kinasema huna, kumbe unayo. Kila kipimo kinachotazama alama badala ya kitu chenyewe kina makosa haya mawili, na anayekitumia lazima ajue la kufanya majibu yanapopingana na mgonjwa aliye mbele yake. Sisi tunafundishwa kumtazama mgonjwa upya na kurudia kipimo. Hatumwambii mtu anayeungua homa kuwa karatasi imesema ni mzima.

Hapa Pwani alama hizi zina vituko vyake. Mama wa mahamri anapanga chumba kimoja katika nyumba ya Kiswahili yenye vyumba sita. Ukuta ni wa mawe. Paa ni mabati. Sakafu ni saruji. Umeme upo, bomba lipo uani, choo kipo. Vyote ni vya mwenye nyumba! Chake yeye ni kitanda, sufuria, karai, na deni la unga dukani. Ukimuuliza nyumba yake ni ya nini, atajibu kwa ukweli kabisa kuwa ni ya mawe na mabati. Na kule ufukweni kuna bwana mwenye nyumba za wageni, zote zimeezekwa makuti kwa sababu wageni wanapenda makuti. Naye akiulizwa juu ya paa lake, atasema ukweli vilevile.

Halafu kuna wajane. Mume alijenga nyumba nzuri akiwa kazini bandarini, akafariki, nyumba ikabaki. Mjane hana kazi, analishwa na watoto wanaotuma Sh1,000 wakipata. Nyumba haiuziki, haiiliki, na haimwendei dukani. Lakini katika tathmini inasimama pale kama shahidi wa utajiri.

Majirani zetu wa Rwanda nao waligawa watu kwa uwezo ili kupanga michango ya bima ya Mutuelle. Kwa miaka mingi walitumia makundi ya Ubudehe: wa kundi la chini kabisa walilipiwa na serikali, makundi ya kati faranga 3,000 kwa kila mtu kwa mwaka, na wa juu 7,000. Kilichonivutia ni kwamba wanakijiji walikaa kikao na kusemana mbele ya watu nani yuko kundi gani. Kulikuwa na malalamiko mengi huko nako, na nadhani ningeona haya kusimama kikaoni kusema mimi ni maskini. Lakini jirani anajua kuwa nyumba ya mawe ni ya kupanga. Simu haijui.

Nani alijibu maswali yako?

Nilimuuliza mama yule swali hili na likafungua mambo yote. Hakujibu yeye. Alikwenda saiba kuandikishwa, akalipa Sh100, kijana wa pale akachukua kitambulisho na kubonyeza. Foleni ilikuwa ndefu. Kijana hakumuuliza hata maswali matatu. Mengine aliyajaza kwa kumtazama. Mama amevaa buibui safi, ana simu, hivyo basi ana televisheni, ana friji, anapika kwa gesi. Mama hana friji. Anapika kwa makaa na kuni, na ndiyo maana mtoto amelelewa katika moshi, jambo ambalo kwa mapafu yake lina uzito kuliko namba zote tunazozizungumzia.

Sikulaumu saiba peke yake. Nimeshuhudia wagonjwa wakisajiliwa mlangoni pa hospitali, mtu amelala kwenye machela, ndugu anajibu kwa haraka ili mgonjwa apate kitanda. Mpwa wa mgonjwa anajua nini juu ya choo cha mjomba? Anajibu kile kinachomjia.

Ndiyo maana nasema: jibu mwenyewe, na jibu swali kwa swali. Kama huwezi kusoma vizuri, mwite mhudumu wa afya ya jamii wa mtaa wako. Kwa kawaida anaijua nyumba yako na amewahi kuingia ndani. Ukiulizwa juu ya nyumba, sema kuwa unapanga chumba na si nyumba nzima. Ukiulizwa mko wangapi, wataje wote, pamoja na yule mtoto wa dada yako aliyekuja kusoma akabaki.

Na usidanganye kwa upande mwingine pia. Najua wapo. Bwana mmoja mwenye magari mawili ya matatu alijisifu mbele yangu kuwa “amejiweka” kwenye Sh300. Alikuwa amekuja kusafishwa figo, matibabu ya mara mbili kila wiki, na kila kipindi SHA inailipa hospitali maelfu ya shilingi. Sikumwambia kitu siku ile, nilikuwa daktari wake na alikuwa mgonjwa. Namwambia leo: mzee wangu, zile pesa zilitoka mahali.

Sasa ile hesabu niliyokuahidi. Chukua mchango wa mwezi ulioambiwa, zidisha kwa 36. Utakachopata ndicho kipato ambacho mfumo unadhani kaya yako inakipata kwa mwezi, ukikosea ni kwa kiasi kidogo. Sh12,360 kwa mwaka ni Sh1,030 kwa mwezi, mara 36 ni Sh37,080. Kwa Sh12,000 anazozipata kweli, mama yule angelipa Sh330 kwa mwezi, yaani Sh3,960 kwa mwaka. Aliambiwa alipe mara tatu zaidi. Ukiambiwa Sh500, maana yake unadhaniwa una Sh18,000. Fanya hesabu hiyo leo jioni na mwenzako. Kama jibu linakaribia ukweli, basi tatizo lako ni jinsi ya kupata pesa za mwaka mzima mara moja, nami nitalirudia. Kama jibu linakuchekesha, tatizo lako ni tathmini, na lazima uitake irudiwe.

Nenda ofisi ya SHA katika kaunti yako au dawati lao kwenye Huduma Centre. Usiende mikono mitupu ukasema tu “ni nyingi”. Nenda na kitambulisho, na barua ya chifu au mzee wa mtaa inayosema unakaa wapi na unafanya nini. Kama unapanga, nenda na karatasi yoyote ya kodi, hata ujumbe wa simu wa kumlipa mwenye nyumba. Kama unauza, nenda na kile kijitabu unachoandika mauzo na madeni. Mweleze ofisa ni jibu gani lilijazwa vibaya. Omba uoneshwe majibu uliyojaziwa, kisha taja lisilo kweli: friji sina, nyumba si yangu. Ofisa anaweza kubishana nawe juu ya mchango, lakini hawezi kubishana nawe kuwa una friji usiyokuwa nayo. Chukua jina lake na tarehe, kwa sababu huenda ukarudi. Siwezi kukuahidi watakukubalia, ila asiyeomba namba yake itabaki vilevile mwaka ujao.

Kuhusu kulipa mwaka mzima kwa mkupuo: hili, kwa maoni yangu, ndilo kosa kubwa kuliko tathmini yenyewe. Anayeajiriwa anakatwa kidogo kila mwezi, halafu yule mwenye kipato cha kubahatisha ndiye anayetakiwa kuwa na maelfu mkononi siku moja. Mwaka 2025 ulianzishwa mpango wa Lipa SHA Pole Pole, unaokuwezesha kulipiwa mwaka kwa mkopo na kurudisha kidogo kidogo. Ni mkopo, kwa hiyo soma masharti, uliza jumla utakayorudisha na kitakachotokea ukikosa mwezi mmoja. Lakini akina mama wa kikundi kimoja hapa kwetu wamepata njia yao. Kila wiki wanachangishana, na badala ya kununuliana vyombo, kila zamu inamlipia mmoja SHA ya mwaka. Vikombe watanunua baadaye.

Zahanati haingoji mchango

Hapa ndipo naomba usome polepole, hasa mzazi. Kujisajili ni jambo moja, na kulipa mchango ni jambo lingine. Kwa huduma za zahanati na kituo cha afya, yaani ngazi ya 2 na ya 3, zilizo na mkataba na SHA, gharama inabebwa na Hazina ya Afya ya Msingi, na pesa zake zinatoka serikalini. Unatakiwa uwe umesajiliwa tu. Hutakiwi uwe umelipa hata shilingi. Mchango unaanza kuulizwa ukifika hospitali ya ngazi ya 4 kwenda juu, kama hii yetu, ambako kuna kulazwa na upasuaji.

Mama yule alikuwa amesajiliwa. Siku ya Jumamosi angeweza kuingia zahanati, mtoto akahesabiwa pumzi, akapewa vidonge vya amoksilini vya kuyeyusha majini, na yawezekana sana nisingemwona kamwe. Hakuna aliyemwambia. Alijua kitu kimoja tu: hujalipa, huna SHA.

Sikudanganyi kuwa kila zahanati ina kila dawa kila siku. Nimefanya kazi huko, najua rafu tupu zinavyofanana. Lakini hata siku dawa hazipo, yupo mtu wa kukuambia kama mtoto wako anaweza kusubiri au hawezi. Na wewe mwenyewe unaweza kujua. Mvue nguo kifuani, tazama akiwa ametulia, hesabu pumzi kwa dakika nzima. Mtoto wa miezi 2 hadi 11 akifika mara 50 au zaidi, na wa mwaka mmoja hadi mitano akifika mara 40 au zaidi, anapumua haraka kupita kawaida, mpeleke siku hiyo hiyo. Kifua kikiingia ndani chini ya mbavu, akishindwa kunyonya au kunywa, akitapika kila kitu, akipata degedege au akalegea asiamke, usipite zahanati wala usimpigie mtu simu kuuliza pesa. Mlete hospitali. Katiba yetu, kifungu cha 43(2), inasema mtu asinyimwe matibabu ya dharura. Anayekuuliza malipo kabla ya kumwekea oksijeni mtoto anayezama anavunja Katiba, na unaweza kumwambia hivyo kwa sauti.

Najua kwa nini watu hawaamini neno “bure”. Sisi wa umri wangu tumeona mengi. Nilikuwa msichana mdogo ada za hospitali zilipoletwa Desemba 1989. Zikasitishwa mwaka uliofuata, zikarudishwa tena. Mwaka 2004, nikiwa nasomea udaktari, ukaja utaratibu wa Sh10 zahanati na Sh20 kituo cha afya. Ada hizo zikaondolewa Juni 2013, pamoja na ada za kujifungua. Kila mara jina linabadilika, ubao mlangoni unapakwa rangi upya, na mama anabaki na swali lile lile: leo nitaulizwa shilingi ngapi? Kwa hiyo ukisita nakuelewa. Nakuomba tu usitie mashaka yako kwenye mizani moja na pumzi ya mtoto.

Na wale wasioweza hata Sh300? Sheria inasema serikali iwalipie wasiojiweza, na mwaka 2025 ilitangazwa kuwa watalipiwa watu milioni 2.2. Kama wewe ni mmoja wao, au mama yako mzee kijijini ni mmoja wao, pitia kwa mhudumu wa afya ya jamii na ofisi ya ustawi wa jamii ya kaunti ndogo. Tena usidhani mama yako yumo kwenye kadi yako. Wazazi wanajisajili kama kaya yao. Mtoto wako naye akifika miaka 18 anatoka kwenye kadi, isipokuwa bado anasoma na hana kipato, hapo anabaki hadi 25, au ana ulemavu na anakutegemea. Nimepata vijana wa miaka 19 wenye kifafa ambao siku ya kujaza dawa ndiyo waligundua kuwa hawamo popote.

Jambo la mwisho ni aibu. Katika kila hospitali ya umma kuna ofisa wa ustawi wa jamii, na kuna utaratibu wa kuomba msamaha wa ada au kulipa kwa awamu. Sehemu kubwa ya wanaostahili hawaendi. Wanakimbia usiku na mgonjwa aliyetolewa dripu, au wanauza mbuzi wa mwisho. Wanaoenda bila haya ni wale wenye jamaa afisini. Ukilazwa, omba kuonana na ofisa huyo siku ya kwanza au ya pili, wakati bili bado ndogo. Siku ya kuruhusiwa wadi inataka kitanda, ofisa ana foleni, na wewe una hofu.

Mtoto wa mama yule alikaa na oksijeni siku tatu, akalazwa siku saba. Bili ilizungumzwa, sehemu ikasamehewa, sehemu analipa Sh200 kila wiki. Alikwenda ofisi ya SHA akiwa na barua ya mzee wa mtaa na kijitabu chake cha madeni chenye alama za mafuta ya karai kila ukurasa. Aliambiwa arudi. Alirudi. Juzi alipomleta mtoto kliniki, kifua kilikuwa safi, na mtoto alikataa katakata kuvuliwa shati. Nilimuuliza mama namba yake imefika ngapi sasa.

“Bado ni ile ile, daktari. Narudi Jumatatu.”